Blanketi la Rangi ya Kutu

Kama yupo mtu aliyewahi kupokea zawadi ya dukani kutoka kwa Mama Fumua, basi ajitokeze tumwone, maana mpaka leo hajapatikana. Mama huyu alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine katika karakana moja nyuma ya barabara ya maduka, na jina hilo alibandikwa na wenzake wa kazi. Mashine zikizimwa mchana, watu wakafungua vyakula vyao, yeye alitoa kikapuni sweta kuukuu la mtumba, akatafuta ncha ya uzi begani, akavuta. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, naye akauzungusha kiganjani mpaka ukawa donge. Kwenye madonge hayo ndiko zilikotoka zawadi zake zote: kofia, soksi, skafu na mablanketi ya watoto wachanga.

Sababu alikuwa nayo, na ilimtazama usoni kila siku. Dirisha la mashine yake lilielekea uwanja wa taka wa maduka, na jirani wa karibu kabisa alikuwa duka la zawadi. Kila baada ya msimu wa sherehe aliona yanayokuja kumwagwa pale: maboksi, karatasi za kumetameta, povu jeupe linalomeguka na kupeperuka mpaka kwenye nyuzi zake, midoli iliyokatika mikono kabla haijapewa jina. Kipya kinyemi, alikuwa anasema, lakini mazishi yake nayaona mimi. Basi akaapa kwamba hatampa mtu zawadi itakayoishia chini ya dirisha lake. Mkono mtupu haulambwi, hilo alilijua. Ila wake haukuwa mtupu, ulijaa sufu ya watu wengine.

Wala hakufumua hovyo. Kwa wauza mitumba aligeuza kila sweta nje ndani akakagua mishono. Lililokatwa na kushonwa kwa cherehani ya ovaloki alilirudisha, kwa sababu uzi wake umeshakatika kila mstari na ukivuta unaambulia vipande. Lililofumwa kipande kwa kipande na kuunganishwa kwa uzi, hilo alilichukua. Halafu alimuuliza muuzaji swali lake la siku zote, ambalo wauzaji walishalizoea na kulifanyia mzaha: mwenyewe kalikataa kweli? Maana kanuni yake ilikuwa kwamba kitu hakijafa mpaka mwenyewe akikatae. Ilikuwa kanuni nzuri sana, na laiti angeikumbuka siku alipoihitaji.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mama Fumua alikuwa na kiburi cha mikono. Kazi mbaya ilimkera kama mchanga kwenye mboga, na hakuweza kunyamaza. Wageni walijikuta wakivutwa nyuzi za mikono ya masweta yao huku wakielezwa kosa liko wapi. Shemeji yake mmoja alisema mbele ya ukoo mzima kwamba ukimkaribisha mama huyu kwako, ficha sweta lako, ataondoka nalo likiwa donge. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, dereva wa gari la kusambaza mikate. Kijana huyo alimwoa keshia wa supamaketi, mwanamke wa maneno machache aliyelelewa na shangazi yake baada ya mamake kufariki. Zaidi ya hapo Mama Fumua hakujua, na hakuuliza. Alijiambia kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, kwa hiyo bora asimguse. Ukweli ni kwamba alimwogopa kidogo. Keshia alimwita mama, alimpokea kikapu mlangoni, alimwekea kile kiti kizuri. Ila ilikuwa heshima ya mtu anayehudumia wateja kutwa nzima, isiyo na kasoro na isiyo na joto. Mama Fumua alitaka joto.

Ndiyo maana siku ile keshia, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, alipomwambia, "Mama, nikirudi kazini mtoto nitamwacha kwako, sitaki mtu mwingine," Mama Fumua alikwenda jikoni akajifanya anaosha vikombe, akalia. Vikombe vyenyewe vilikuwa visafi. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine. Alishamwambia msimamizi wa karakana kwamba wakati ukifika ataacha mashine, na kwake alishahamisha meza ili mtoto apate nafasi ya kutambaa.

Mimba ilisumbua mwishoni, daktari akaamua keshia alazwe mpaka ajifungue. Mumewe alikuwa barabarani na mikate yake, hivyo Mama Fumua akapewa ufunguo awe anafagia vyumba vyao viwili na kuvitayarisha. Siku moja alikuwa anapanga kabati, na chini kabisa, chini ya mashuka, akagusa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Akadhani ni nguo zilizosahaulika na huenda nondo wameshaziingia. Akafungua.

Ndani mlikuwa na sweta dogo la rangi ya kutu, la msichana wa shule ya msingi hivi. Sufu yenyewe ilikuwa safi, ya zamani, ile ambayo siku hizi huipati hata ukilia. Lakini ufumaji! Vitanzi vingine vilibana mpaka vimekakamaa, vingine vililegea kidole kikapita, na mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Mama Fumua alilinyanyua dirishani akaguna.

Hapo akili yake ilikimbia, busara ikabaki nyuma inahema. Aliona yote kwa mara moja: mkwe wake, ili kumfurahisha, amekwenda sokoni kumtafutia mtoto sweta la mtumba litakalomfaa akikua, kauziwa takataka, kaona haya akaificha. Alimwonea huruma mpaka akatabasamu. Angelichukua, angelifumua, angemfumia mjukuu blanketi ambalo hakuna duka linaloliuza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini ukiuliza utamshangazaje mtu? Akalitia kikapuni.

Kesho yake alilifumua karakanani, na alilifumua kwa vituko. Alimwonyesha mpiga pasi, jirani yake wa meza, mzee mwenye ulimi mkali kuliko pasi yenyewe, wakacheka pamoja ule mkono mrefu. Redio ilikuwa inaunguruma, yeye anavuta, donge linakua. Alipofika kwenye pindo la mkono wa kushoto, lile linalobana kwenye kifundo, uzi ukagoma. Sufu ilikuwa imegandamana pale, imelowa na kusuguliwa miaka na miaka mpaka ikawa kitu kimoja. Akalikata kwa mkasi. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, akalivisha kwenye mpini wa birika la chai la karakana, ambalo lilikuwa linaunguza watu vidole. Uzi akauosha kwa sabuni, akautundika na chupa ya maji kwa chini ili uzito uunyooshe mikunjo, na ulipokauka akaanza kazi. Pembeni aliongezea uzi wa kijivu. Tuseme haki, lilikuwa blanketi zuri kuliko yote aliyowahi kufuma.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Keshia aliporudi nyumbani na kupata nguvu kidogo, wenzake wa supamaketi walikuja kumwona mtoto, na sebule ikajaa. Kila mmoja alikuja na kitu chake. Kulikuwa na mabeseni matatu ya plastiki ya kuogeshea, mawili ya rangi ile ile, na mdoli unaoimba ukibonyezwa tumbo, ambao mtu aliubonyeza kisha wote wakashindwa kuuzima. Karatasi zilizochanwa zilifika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mama Fumua alikaa kwenye kiti chake kizuri, ameshaiona safari ya kila kimoja mpaka chini ya dirisha lake, na moyoni alifurahi, jambo ambalo si zuri lakini ndivyo ilivyokuwa. Zamu yake ilipofika, alisimama.

Angetoa tu blanketi akakaa. Hapana, alihutubia. Aliwaeleza wageni kwamba zawadi ya kweli haimwachii mtu taka, kwamba dunia imechoka na plastiki, kwamba mtu ukitaka kumpa mwenzako kitu, tumia kwanza kichwa, halafu mikono, na pesa iwe ya mwisho. Yote yalikuwa kweli. Wengine waliyatazama mabeseni yao.

"Hili nimelitoa kwenye sweta moja bovu ajabu," akamalizia. "Aliyelifuma sijui alifumia miguu. Mkono huu mrefu, huu mfupi. Nikasema, ngoja niiokoe hii sufu."

Wageni walicheka sana. Keshia hakucheka. Alikuwa ameshika blanketi kwa mkono mmoja, mtoto yuko kwenye mkono mwingine, na kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya ile rangi ya kutu na kurudi.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "sweta hilo ulilitoa wapi?"

"Hapa hapa kwenu, kabatini. Nilitaka kukushangaza."

Keshia alimkabidhi mumewe mtoto, akaenda chumbani. Walisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, kisha hawakusikia kitu. Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Mdoli nao ukaanza kuimba tena, peke yake, sakafuni.

Mwanawe alimtoa Mama Fumua mpaka kwenye ngazi za nje, akamweleza huku anaangalia chini. Mama yake keshia aliugua muda mrefu, akalazwa wodini miezi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mfumaji, akamfundisha, ili mikono ipate kazi. Akaanza kumfumia bintiye sweta. Baada ya mazishi shangazi alimletea mtoto lile sweta, akalivaa mpaka likamkataa. Picha ya mamake hana hata moja. Alikuwa na sweta.

Mama Fumua alielewa alichokifanya. Na bado, kabla ya kitu kingine chochote, kilichomtoka mdomoni ni lawama: kwa nini hawakumwambia?

"Na wewe ulimuuliza nani, mama?" mwanawe akasema.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Yeye alipewa vyote viwili mwezi mmoja.

Keshia hakumtukana, na hilo ndilo lililouma. Angemfokea, Mama Fumua angepata pa kushika. Badala yake blanketi lilikunjwa vizuri, likatiwa kwenye mfuko ule ule wa nailoni, likafungwa mafundo mawili na kurudishwa chini ya mashuka. Mtoto alifunikwa kwa blanketi la dukani lenye picha za dubu. Mama Fumua alipokwenda kuwatembelea alipokewa kikapu, akawekewa kiti, akaambiwa karibu mama, naye mtoto alikuwa amelala. Alipokwenda tena, mtoto amelala. Hajaona mtoto mwenye usingizi namna ile. Mara moja alimsikia akilia kabisa huko chumbani, na keshia akasema bila kubadilika uso kwamba anaota.

Alijaribu kuomba msamaha. Keshia alimjibu, "Yameisha, mama," kama anavyomwambia mteja kwamba bidhaa fulani imekwisha, na akamuuliza kama anaongeza chai. Kisha siku moja mwanawe alipitia karakanani na gari la mikate, akamweleza huku akichezea funguo kwamba wamepata kituo cha kulelea watoto, kiko jirani na supamaketi, itakuwa rahisi kwa mamake kumnyonyesha. Asichukulie vibaya. Mama Fumua akasema hapana, wazo zuri sana. Jioni alirudisha meza yake mahali pake pa zamani, na alipomaliza akakaa juu ya kiti karibu nayo, koti bado mwilini.

Alifikiria kulifuma tena lile sweta. Alichukua uzi mwingine akajaribu kwanza kufuma vibaya, ili aone kama anaweza. Hakuweza. Akibana, anabana kwa mpangilio. Akilegeza, analegeza kwa mpangilio. Kila kosa lilitoka limenyooka kama askari. Mikono iliyokuwa fahari yake ilikataa kuiga mikono ya mgonjwa. Na hata ingekubali, uzi wenyewe uko kabatini kwa mtu mwingine, na yeye kabati lile hana tena ruhusa hata ya kulitazama.

Siku moja, hamtaamini, aliingia kwenye duka la zawadi. Alisimama katikati ya vitu vinavyometameta, kikapu mkononi, hajui ajiweke wapi. Msichana wa duka alimkaribisha vizuri, akamuuliza zawadi ni ya nani na ni kwa ajili ya nini. Mama Fumua akasema ni ya mkwe wake. Kwa ajili ya nini, hapo akakwama. Msichana akamsaidia: kuna kadi za hongera, kadi za asante, kadi za pole ya msiba. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyosema alichokifanya. Akatoka mikono mitupu. Nje alipita kando ya uwanja wa taka bila kuutazama.

Kilichomwamsha ni mpiga pasi na manung'uniko yake. Alikuwa anamimina chai, akasema kile kitambaa cha birika kimeungua upande mmoja, kimeanza kunuka, watafute kingine. Akakivua akakitupa mezani mbele ya Mama Fumua.

Lilikuwa pindo. Lilikuwa limeingia masizi, ukingo mmoja umekuwa mweusi na mgumu, lakini kwa ndani rangi ilikuwa ile ile ya kutu. Mama Fumua aliligeuza nje ndani. Vitanzi vilikuwa vizima. Kila kitu kingine cha sweta lile alikuwa amekivuta, akakiosha, akakinyoosha. Hiki kilikuwa kimemshinda, na kwa kumshinda ndipo kikapona. Alikaa huku mkono umefunika mdomo, mpaka mpiga pasi akaacha kunung'unika akauliza kuna nini. Akamweleza yote. Mzee akasema basi, mama, lifue kwanza, huwezi kumpelekea mtu kitu cha marehemu mama yake kina masizi ya birika.

"Hapana," alijibu. "Vya kwake nimeshafua vya kutosha bila kumuuliza."

Alikwenda siku ya mapumziko ya keshia, asubuhi. Mwanawe alikuwa kazini. Mtoto alikuwa macho, amelazwa kwenye kochi, anapiga hewa mateke, na safari hii keshia hakupata muda wa kumlaza. Mama Fumua alikataa kiti. Alitoa lile pindo kikapuni, halikufungwa kwenye karatasi wala kitambaa, akaliweka mezani.

"Hiki ni kipande cha mkono wa kushoto," akasema. "Uzi ulinigomea, nikakikata. Nimekitumia kushikia birika la kazini. Hapa kimeungua, na haya ni masizi. Sikukifua, kwa sababu mara hii nilitaka nikuulize kwanza."

Keshia alikuwa amesimama. Alikitazama bila kukigusa. Kisha akakichukua, akakipeleka puani.

"Kinanuka moshi," akasema.

"Ndiyo."

Aliingiza vidole viwili kwenye tundu lake, akakizungusha. Mama Fumua alisubiri aambiwe aende. Badala yake keshia alisema, kama anajiambia mwenyewe, kwamba hapa ndipo alipokuwa anatafuna. Akiwa mdogo, kwa shangazi, kila akilala alitia pindo hili mdomoni, mpaka shangazi akalipaka pilipili ili aache. Hakuacha. Alitafuna pilipili.

Kumbe ndiyo sababu sufu iligandamana. 

"Ulisema alifumia miguu," keshia akasema.

"Nilisema."

"Mbele ya wenzangu."

"Mbele ya wenzako, ndiyo."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kiti. Keshia alimkabili sasa kwa uso ambao Mama Fumua hakuwahi kuuona, uso usio wa kumhudumia mtu yeyote. "Wewe unajua kusoma hivi vitu," akasema. "Nisomee."

Mama Fumua alitoa miwani. Walikwenda dirishani wote wawili. Alikuwa ameazimia kutolipamba, maana kulipamba kungekuwa kumfumua mama yule mara ya pili.

Alimwonyesha ukingo. "Hapa ndipo alipoanza mkono huu. Vitanzi vimebana mno. Mtu anayejifunza hubana, anaogopa visimtoroke." Akasogeza kidole. "Mistari hii imelegea yote kwa pamoja. Hapo si kutojua. Hapo mikono haikuwa na nguvu. Halafu hapa vimebana tena, umeona? Alipumzika, akarudi."

"Siku ile ile?"

"Hilo uzi hausemi."

Keshia aliinamisha kichwa karibu na kidole cha mkwewe. Akauliza kule juu kulikuwaje, kwa nini mkono ule ulikuwa mrefu. Watoto wa shule walikuwa wanamtania. Mama Fumua angeweza kusema hakumbuki. Ilikuwa rahisi, na asingejulikana. Lakini mkono ule aliukumbuka vizuri, kwa sababu ndio aliokuwa anamwonyesha mpiga pasi wakati wanacheka.

"Juu ya kiwiko ulibadilika," akasema. "Vitanzi vikawa sawasawa mpaka begani, vya mtu mzoefu. Ila hakuhesabu mistari ilingane na ya mkono wa kulia, ndiyo maana ukazidi. Mamako hakuumaliza, mwanangu. Kuna mtu alimmalizia."

Keshia aliketi kwenye ukingo wa kochi. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba mama alilimaliza sweta ndipo akafumba macho. Alikuwa ameishi na hilo miaka yote. Mama Fumua alijilaani kimyakimya. Alikuja na kipande kimoja, na sasa amemvunjia kingine. Mtoto alianza kulia. Keshia, lile pindo likiwa bado mkononi na hataki kuliweka chini, akasema, "Mshike," na ndipo Mama Fumua akaketi kwenye kochi na, kwa mara ya kwanza, akampakata mjukuu wake. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiria, na ana joto.

"Kwa hiyo kuna mtu alikaa akamalizia," keshia alisema. "Mgonjwa yule wa kitanda cha pili. Naye anaumwa." Alipangusa macho kwa lile pindo, na masizi yakambakia shavuni.

Kisha wazo likamjia, na Mama Fumua aliliona likija. Tangu mama yule afariki, binadamu pekee aliyepita juu ya kila mstari wa sweta lile, mmoja mmoja, kuanzia juu kurudi mpaka kitanzi cha kwanza kabisa, alikuwa ni huyu hapa aliyekalia kochi na mtoto mapajani. Keshia alimsogelea. Uso wake ulikuwa wazi, una njaa kama wa mtoto.

"Na mgongo?" akauliza. "Mgongo ulikuwaje?"

Mgongo ndio ulikuwa kipande kikubwa kuliko vyote, kilichochukua majuma kufumwa. Mama Fumua alitafuta kichwani. Alikuta donge linakua, alikuta wimbo wa redio, maneno ya wimbo anayajua mpaka leo.

"Mgongo niliufumua huku nasikiliza redio," akasema. "Sikuangalia."

Keshia alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Alinyoosha mikono akamchukua mwanawe, akamweka begani, akasimama kuelekea dirishani, mgongo umegeuka. Mama Fumua alikusanya kikapu chake. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Mama," keshia akasema bila kugeuka. "Ukikumbuka chochote, hata mstari mmoja, uniletee."